Uliza Ujibiwe: Nina swali la utafiti wa afya, pesa ya kusoma naitoa wapi?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba mwenye swali kuhusu ufadhili wa masomo ya tiba na utafiti wa afya anitumie, jamani sikutegemea, simu imejaa mpaka mengine nimeyasoma usiku watoto wakiwa wamelala. Nimechagua machache yanayofanana na mengine mengi. Kwa asiyenijua, nimekaa ofisi ya utafiti ya chuo miaka kumi na moja, kazi yangu ilikuwa kupokea maandiko ya watu ya kuomba ruzuku, kukagua bajeti zao na kubonyeza kitufe cha kutuma, kwa hiyo nayasema niliyoyaona pale mezani.

Shikamoo mama. Nasoma uzamili wa historia Dar, kwetu Lushoto. Nataka kuandika kuhusu Lutindi, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule milimani Korogwe, jinsi watu walivyokuwa wanapeleka ndugu zao na walivyokuwa wanauelezea ugonjwa kwa Kisambaa. Kila nikiuliza ufadhili naambiwa pesa za afya ni za watu wa maabara, mtu wa historia akatafute kwingine. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Sio kweli, na linaniuma maana jibu hilo nimeona wakipewa vijana wazuri kabisa wakakata tamaa wakaenda kuandika kitu kingine ambacho hata hawakipendi.

Kuna eneo zima linaitwa insia za tiba, yaani historia ya magonjwa, maadili ya utabibu, lugha anayotumia mgonjwa kusema anaumwa, falsafa, fasihi, dini, vyote vikitazamwa pamoja na afya. Mfuko mkubwa unaolipia mambo haya ni Wellcome wa London, ulioanzishwa 1936 kwa wosia wa Henry Wellcome, yule mfanyabiashara wa dawa, na ni huohuo unaolipia utafiti wa malaria kule Kilifi. Wana tuzo yao inaitwa Early-Career Award, ya mtu aliyemaliza PhD na ndio anaanza kusimama mwenyewe, na hapo mtu wa historia anaomba dirisha lilelile na mtu wa biolojia, fomu ileile. Inalipa mshahara wako na juu yake gharama za utafiti hadi pauni 400,000, kwa kawaida kwa miaka 5, tena unaweza kuomba ukiwa kwenye chuo cha hapahapa Tanzania, Kenya au Uganda bila kuhamia Uingereza. Wewe uko masters kwa hiyo mlango huo bado, ila nimekutajia makusudi ili anayekwambia hamna kitu huko mbele umjibu.

Kwa sasa zifuate pesa ndogo. Nairobi kuna taasisi mbili, IFRA ya Wafaransa na BIEA ya Waingereza, zote hutoa misaada midogo ya kwenda uwandani kwa watu wa historia na sayansi za jamii wa ukanda wetu. Dakar kuna CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika, iko tangu 1973, nao wamesaidia sana wanafunzi kwenye tasnifu. Ninaposema pesa ndogo namaanisha nauli, malazi, na kumlipa anayenukuu mahojiano, na kwa masters hiyo inatosha, usiidharau, maana ruzuku ndogo uliyoitumia vizuri ukaandika ripoti kwa wakati ndiyo inayokuombea ile kubwa baadaye.

Halafu tazama hili. Lutindi iliendeshwa na watu wa misheni ya Bethel ya Ujerumani, na kumbukumbu za misheni hiyo zimehifadhiwa Wuppertal, hukohuko Ujerumani. Umeona? Swali lako limeshajichagulia mfadhili. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ambao wana ofisi Nairobi, wana ruzuku za muda mfupi kwa mwanafunzi wa PhD anayehitaji kwenda kufanya utafiti Ujerumani, na wewe utakapofika PhD hutaandika kwamba unatamani kwenda Ulaya kupata uzoefu, utaandika kwamba nusu ya ushahidi wako iko Lutindi kwenye vinywa vya wazee na nusu iko Wuppertal kwenye maboksi, na bila kufika kote kuwili kazi haiishi. Mtu wa kamati akisoma hapo anakaa vizuri kwenye kiti. Anza kujifunza Kijerumani leo, hata cha kusoma tu, na uulizie namna ya kusoma mwandiko wao wa zamani maana hata Wajerumani wenyewe wengi hawausomi.

Umeniambatishia ukurasa wa kwanza wa andiko lako mpaka wa tatu, nimezisoma zote. Umeanza hivi: "Afya ya akili ni suala muhimu duniani kote na limekuwa likipewa kipaumbele na serikali mbalimbali." Futa. Sentensi hiyo nimeisoma kwenye maandiko ya watu labda mara mia na haijawahi kumwambia mtu kitu. Sasa shuka mpaka ukurasa wa tatu, karibu na mwisho, umeandika kwamba bibi yako alikuwa akisema mtu aliyepelekwa Lutindi "amepanda mlima", na akirudi hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu mpaka mavuno yapite. Mwanangu, hiyo ndio sentensi yako ya kwanza! Umeificha kule chini kama vile unaionea aibu kwa sababu ni ya bibi. Ipandishe juu, halafu sentensi ya pili iulize, kwa nini kimya kile, na hospitali ilijua nini kuhusu kimya hicho.

Na bajeti umeandika "gharama za uwandani, milioni tatu", basi, mstari mmoja. Utakatwa. Vunjavunja: nauli ya basi Dar mpaka Korogwe kwenda na kurudi mara ngapi, bodaboda ya kupanda mlimani, siku ngapi za kulala, vocha, na mtu wa kunukuu mahojiano ya Kisambaa. Hapo kwenye kunukuu wengi wanajipunja kwa sababu hawajawahi kuifanya, mi nimeona saa moja ya sauti inakula saa tano mpaka sita za kuandika, na ikiwa mzee anaongea taratibu na jogoo anawika nyuma inazidi, kwa hiyo ukirekodi saa 40 piga hesabu yake kwa haki, umlipe mtu vizuri. Na kibali cha maadili pia, usidhani historia imesamehewa, ukigusa rekodi za wagonjwa au ukihoji ndugu zao pitia kamati ya chuo chako na uulize mapema kama unatakiwa kwenda mpaka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Hilo liweke kwenye ratiba, linachukua muda.

Hujambo dada, mimi ni wa Kilifi, nina digrii ya sayansi ya tiba ya maabara, niko kwa kliniki ndogo mwaka wa pili sasa. Nimetafuta skolashipu ya masters onlaini hadi nimechoka, zote ni za kwenda mbali na wanataka vitu sina. Nifanyeje?

Sijambo ndugu yangu. Umechoka kwa sababu unatafuta tangazo lenye neno skolashipu, na kwenye biomedikali pesa nyingi haziji na jina hilo. Zinakuja ndani ya mradi. Mtafiti anapata ruzuku ya miaka 5, ndani yake kuna nafasi mbili za masters na moja ya PhD, anatangaza kwenye websaiti ya taasisi yao wiki tatu, anapata watu, imeisha, wewe uliyekuwa unatafuta skolashipu hukuiona kabisa.

Na wewe uko Kilifi! KEMRI-Wellcome, kile kituo cha utafiti wa afya, iko hapo tangu 1989, na wana programu ya mafunzo inaitwa IDeAL ambayo imekuwa ikichukua vijana kuanzia intern, masters, mpaka PhD, na pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani wameendesha diploma ya uzamili ya mbinu za utafiti wa afya. Kwa mtu kama wewe mwenye digrii na kazi ya mikono ila hajawahi kuandika utafiti, njia ya kuanzia ni ile ya intern au hiyo diploma, sio kurukia PhD ya Marekani. Fuatilia pia Science for Africa Foundation ya Nairobi, wao ndio wanasimamia DELTAS, mpango unaolipia watafiti vijana kwenye makundi ya vyuo na taasisi nyingi za Afrika. Walioko Tanzania mlango wenu wa namna hii ni taasisi ya afya ya Ifakara, ambayo imekuwepo tangu 1956, au KCRI, taasisi ya utafiti wa tiba kule Moshi, au NIMR kwenye vituo vyake.

Ukimwandikia mtafiti imeili usimwandikie "naomba nafasi yoyote". Mwambie umesoma makala yake ipi, kwenye kliniki yako umeona nini kinachohusiana nayo, na unajua kufanya nini kwa mikono, kama ni kusoma slaidi za malaria 40 kwa siku sema hivyohivyo, hiyo ni sifa. Mistari kumi inatosha. Asipojibu wiki mbili mkumbushe mara moja kwa adabu.

Daktari wa wilaya, kanda ya ziwa: Nataka MMed. Niombe wizarani au nitafute nje?

MMed, yaani uzamili wa udaktari bingwa, omba ndani. Wizara ya Afya ina mpango wa kusomesha mabingwa na mabingwa bobezi, ule uliopewa jina la Rais Samia, na wewe ni mwajiriwa, ndio mlengwa. Soma vizuri masharti ya kurudi kituoni kabla ya kusaini, uyasome na mwenzi wako wa nyumbani pia.

Ila kama moyo wako uko kwenye afya ya jamii zaidi kuliko wodini, hapo nje kuna vingi. Chevening ya Uingereza inalipa masters ya mwaka mmoja na inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, madirisha yao hufunguka kuanzia Agosti. Commonwealth, yaani skolashipu ya Jumuiya ya Madola, iliyoanza 1959, inalipa masters na PhD na ina hata masters za kusoma ukiwa kazini kwako. Zote mbili zinataka urudi nyumbani ukimaliza. Na TDR, programu ya magonjwa ya tropiki iliyoko WHO, imekuwa ikilipia masters ya utafiti wa utekelezaji kwenye vyuo vya kusini ikiwemo Wits ya Afrika Kusini na Chuo Kikuu cha Zambia. Huo utafiti wa utekelezaji ndio maswali ya daktari wa wilaya kabisa, dawa ipo, chandarua kipo, kwa nini hakimfikii mtu.

Assalaam alaykum bibie. Mie ni mhadhiri msaidizi Unguja, nna watoto watatu, mdogo ana miaka miwili. Nataka PhD ya bayolojia ya vimelea lakini siwezi kuondoka miaka minne. Nikisema hivyo naonekana sina nia.

Waalaykum salaam dada yangu. Una nia, na usiombe radhi kwa ajili ya watoto. Tafuta OWSD, hilo ni shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, makao yake Trieste Italia, lilianzishwa 1987. Linalipia PhD za wanawake kutoka nchi ambazo sayansi bado iko nyuma, Tanzania imo, na unasoma kwenye chuo cha nchi nyingine ya kusini. Kinachokuhusu wewe ni kwamba kuna aina mbili, ya kukaa muda wote na ile ya sandwichi, ambapo unabaki umesajiliwa nyumbani na unakwenda kwenye maabara ya nje kwa vipindi. Omba ya sandwichi. Panga vipindi vyako kwa kufuata vifaa, yaani kazi ya kukusanya sampuli ifanyike Unguja na ile inayohitaji mashine usiyokuwa nayo ndiyo ikupeleke nje, hapo kamati inaona sababu ya kisayansi na wewe unapata kulea. Tahadhari moja, OWSD ni ya sayansi, mtu wa historia au maadili ya tiba asipoteze muda hapo.

Kibali cha maadili kwa Zanzibar kinapitia taasisi ya utafiti wa afya ya kwenu, ZAHRI, usije ukaenda na cha Bara peke yake ukakwama.

Na Commonwealth nao wana PhD ya vipindi kama hiyo, chuo chako nyumbani, mwaka mmoja Uingereza. Omba zote.

Mimi niko Bukavu, nimemaliza médecine, karatasi zangu zote ni za Kifaransa. Hizi bourse mnazosemaga ni za Kiingereza tu?

Hapana kaka, na kwenu Ubelgiji ndio iko karibu. ARES, umoja wa vyuo vya Wabelgiji wanaoongea Kifaransa, inatoa bourse za masters na mafunzo maalumu kwa Kifaransa na Congo imo kwenye orodha yake. Ile Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, iliyoanza 1906, nayo inapokea madaktari wa Kongo tangu zamani kwa masters za afya ya jamii. Tafsiri rasmi za vyeti zianze kufanyiwa kazi sasa, usisubiri tangazo, kwa hali ya usafiri ya huko kwenu mwezi mmoja unaisha kwa kutafuta muhuri tu.

Mama, PhD yangu ilikuwa chini ya mradi unaolipwa na Marekani. Mwaka 2025 tukaambiwa pesa imesimama. Nina data ya wagonjwa 212, nimebakiza ufuatiliaji wa mwisho. Nalala sipati usingizi.

Pole sana mwanangu, pole kwa dhati. Wewe sio peke yako na hukukosea popote. NIH, taasisi za utafiti wa afya za serikali ya Marekani, ilitangaza Mei 2025 kwamba haitoi tena ruzuku zinazopitia kwa mshirika wa Marekani kuja kwa taasisi ya nje mpaka watengeneze mfumo mpya, na USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi Julai 1 mwaka huohuo, kwa hiyo vyuo vingi vya kwetu vilipigwa kwa wakati mmoja. Nawajua wenzio kadhaa waliokuwa wakisubiri mishahara ya wasaidizi wao.

Fanya hivi. Kwanza data. Hakikisha iko kwenye seva ya chuo chako na sio kwenye akaunti ya mshirika ambayo siku moja utakuta nywila haifunguki, na upate kwa maandishi kwamba una haki ya kuitumia kwenye tasnifu. Kibali chako cha maadili kiwe hai, kikiisha muda ufuatiliaji wote unasimama hata pesa ikipatikana. Wale watu 212 uliwaahidi utarudi kuwaona, kwa hiyo ukipata hata shilingi ya vocha wapigiwe simu, waambiwe ukweli.

Pili, kaa na msimamizi wako mkate tasnifu upya. Mara nyingi data ya mwanzo peke yake inabeba sura mbili nzima, na kinachobaki ni ufuatiliaji ambao ukiupigia hesabu kikweli ni pesa ndogo kuliko unavyofikiri, sio mradi mzima. Kiasi hicho ndicho unachoomba. Uliza ofisi ya utafiti ya chuo kama kuna fungu la ndani la ruzuku, vyuo vyetu kadhaa vinalo na wanafunzi wa PhD hawaliulizii. Ukiwa mwajiriwa wa chuo au taasisi mwanachama wa CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za Afrika wa kulea watafiti, kama UDSM, Ifakara, Makerere, Nairobi, Moi, ulizia huko pia, CARTA iko tangu 2008 chini ya APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha Nairobi, na Wits na imelea watu wa PhD wa afya ya jamii pamoja na wale wa insia kwenye darasa moja. Baada ya PhD tazama Ulaya, ile EDCTP ya majaribio ya tiba, ina fungu la watafiti wa Afrika.

Niandikie tena ukishaongea na msimamizi. Nataka kujua.

Mzazi, Songea: Mwanangu amepata daraja la kwanza PCB anataka udaktari. Kuna kijana whatsapp anasema kwa laki moja na nusu atamuingiza Samia Scholarship. Nitume?

Usitume hata mia, baba. Samia Scholarship ilianza 2022 kwa wahitimu wa kidato cha sita waliofanya vizuri zaidi kwenye masomo ya sayansi, inapitia Bodi ya Mikopo, na anayechaguliwa anachaguliwa kwa matokeo yake. Hakuna mtu wa kumuingiza. Namba ya huyo kijana ipeleke polisi.

Kama hatakuwemo, mkopo wa HESLB, yaani hiyohiyo Bodi ya Mikopo, upo, aombe mwenyewe kwenye mfumo wao kwa jina lake, na vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema maana hapo ndipo watoto wengi wa mikoani wanapokwama. Akiajiriwa atakatwa 15% ya mshahara mpaka deni liishe, ajue hilo tangu sasa. Hongera sana kwa kumlea.

Swali fupi dada: wameandika mwisho saa "17:00 GMT". Kwetu ni saa ngapi? Mwaka jana nilikosa kwa hili.

Saa mbili usiku. GMT unaongeza matatu, 17:00 inakuwa 20:00, na 20:00 kwetu ni saa mbili usiku. Ila wakiandika saa za London na ni kipindi chao cha kiangazi, kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba, unaongeza mawili tu, inakuwa saa moja usiku. Pale ofisini niliwahi kukaa na mwalimu mmoja mzuri sana, andiko lake la maadili ya utafiti lilikuwa tayari tangu asubuhi, yeye akaisoma ile 17 kama saa saba akadhani mchana umempita akafunga laptopu kwa huzuni akaenda nyumbani, nikampigia saa kumi na mbili jioni kumuuliza mbona sioni kitu kwenye mfumo. Alirudi na bajaji. Tulituma saa moja na dakika arobaini.